Taibisti na Nil Zangu Tatu

Kuna mtu mmoja hapa Garissa aliyenikosesha kazi ya mwaka mzima, na bado nikimkuta namnunulia chai. Nimemfahamu zaidi ya miaka kumi. Jina lake la kitambulisho nalijua, kwa sababu niliwahi kuliona kwenye bahasha, lakini sijawahi kumwita hivyo wala kumsikia mtu akimwita hivyo. Mji mzima humwita Taibisti. Mama huyu aliletwa huku kutoka bara kupiga taipu katika ofisi ya mkoa, enzi za mikoa, na sisi Wasomali p hututeleza mdomoni ikawa b, basi jina likakaa hivyo. Hata watu wa bara wenzake, walimu na askari wasio na shida yoyote na herufi hiyo, nao husema Taibisti. Yeye mwenyewe akipokea simu husema, "Taibisti hapa, sema."

Nataka kumweleza mtu huyu. Kila nikijaribu kuamua kama alinitendea wema au alinitesa, nagundua kwamba simjui vizuri kama nilivyodhani, na jambo hilo linanikera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Kibanda chake kiko nyuma ya duka la mikeka, hatua chache kutoka ofisi za serikali. Kina kompyuta mbili, mashine ya kuchapisha, benchi la wateja, na feni inayochukua hewa moto ya upande huu na kuipeleka upande ule. Kibao cha jina hakina. Watu huja kutafuta PIN, ile namba ambayo mamlaka ya kodi humjua mtu kwayo, au kuandikisha jina la biashara, au kujaza fomu ya kodi ya mwaka kabla Juni haijaisha. Biashara zenyewe siku hizi nyingi hazina duka wala mlango. Kuna mama anayepokea oda za hina kwa simu. Kuna malimu wa dugsi, madrasa yetu, anayefundisha Kurani kwa video watoto wa Kisomali walioko ng'ambo. Mimi kazi yangu ni masikio: watafiti hunitumia sauti walizorekodi kwa Kisomali, nami nazisikiliza, naziandika, nazitafsiri. Nafanya hayo nikiwa sebuleni kwangu, dirisha nimelifunga kwa sababu ya mbuzi wa jirani.

Ukimwona Taibisti akifanya kazi utadhani ana ugomvi na kibodi. Vidole vyake vilifunzwa na mashine ya chuma, na havijapata habari kwamba siku hizi kugusa tu kunatosha. Kibodi haimalizi mwaka mikononi mwake. Akifika mwisho wa mstari mrefu, mkono wa kushoto huinuka wenyewe kutafuta ule wenzo wa taipureta wa kurudishia roli, ukaukosa, ukarudi chini. Siku ya kwanza kuona hivyo nilicheka. Akaniangalia juu ya miwani.

"Cheka tu," akasema. "Huu mkono umeandika barua za uhamisho, watu wazima wakalia."

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi, nimekuja kutengenezewa PIN ili niombe mkopo wa chuo. Alinitengenezea, akanifungulia na barua pepe, akaniambia kila mwaka nirudi anijazie nil. Nil ni tamko la sifuri: mwenye PIN asiyepata kitu bado anatakiwa kuiambia serikali kwamba hakupata kitu. Nilishangaa sana. Nyumbani kwetu mtu asiye na kitu hunyamaza, hatumi habari.

Kabla hajagusa kibodi ana maswali yake matatu. Unafanya nini? Unamfanyia nani? Anakulipa kwa njia gani? Lazima ujibu kwa Kiswahili, kwa sauti, hata benchi likiwa limejaa. Mtu anayekwambia kwamba siri za wateja ni amana ndiye huyo huyo anayekulazimisha utangaze riziki yako mbele ya watu sita wasiokuhusu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Asiyeweza kuitaja kazi yake kwa sentensi moja hana biashara, ana shughuli."

Malimu wa dugsi aliyashindwa maswali hayo nikiwapo.

"Nafundisha watoto Kurani," alisema.

"Watoto wako wapi?"

"Ng'ambo. Nafundisha kwa simu."

"Mzazi anakulipaje?"

"Wanatuma kwa bibi yangu. Yeye ananibatia mimi. Iko fizuri tu."

"Basi mwenye biashara ni bibi yako," Taibisti akasema, "wewe umeajiriwa. Kamlete."

Benchi zima lilicheka, malimu akaondoka na joho lake bila kuaga. Kesho yake alirudi na mkewe, na mkewe ndiye aliyeyajibu maswali yote matatu bila kusita.

Jambo lingine lililonishangaza kwake ni kwamba aliandika ulichosema, si ulichokusudia. Kuna mama mmoja alitaka kuandikisha huduma ya kupamba harusi. Wateja wake huwapata kwa picha anazoweka mtandaoni. Huku kwetu kila mtu hutaka biashara yake iitwe neema: Barwaqo, Tawfiq, Baraka. Majina hayo yalikwisha kuchukuliwa zamani, kwa hiyo Taibisti huwaambia watu waje na majina matatu, nao huja na neema tatu. Za mama huyo zote zilikataliwa. Akakasirika, akasema, "Basi andika Bamba Harusi." Alikusudia Pamba. Taibisti, ambaye amekaa na ndimi zetu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alijua vizuri sana. Akaandika Bamba.

Cheti kilipotoka mama alipiga kelele mpaka wauza mikeka wakaja kuchungulia.

"Naandika unachosema," Taibisti alimwambia. "Taipisti akianza kuandika anachodhani mtu amekusudia, ofisi imekwisha."

Mama alinuna siku mbili tatu. Kisha vijana wanaozungumza Sheng ya Nairobi wakaliona jina, wakalipenda, kwa sababu kwao harusi inayobamba ni harusi tamu. Siku hizi jina hilo limepakwa rangi mgongoni mwa viti vyake vyote, na ukimkumbusha kelele zake anakana.

Lakini kusema alikuwa mgumu tu ni kumwonea. Siku moja alikuja mzee mfugaji kutoka Ijara, mwanawe anataka waandikishe biashara kwa ubia. Kwa ubia kila mshirika hutoa PIN yake.

"Mzee, PIN?" Taibisti akauliza.

Sikio la mzee likasikia bin.

"Bin Hassan," akajibu.

"Hapana, mzee. PIN."

"Ndiyo. Bin Hassan, bin Abdille, bin Guled." Na akaendelea. Alimtaja babu, na babu wa babu, macho ameyafumba, kidole kinahesabu juu ya bakora. Mwanawe alitaka kumkatiza, Taibisti akamzuia kwa mkono. Aliitoa mikono yake kwenye kibodi akasikiliza mpaka mzee akafika mwisho mwenyewe.

"Hao wote nimewasikia," akamwambia. "Sasa serikali inataka namba moja."

"Serikali haijui mababu yangu, inataka namba?"

"Haiwajui, mzee. Ndiyo maana inataka namba."

Mzee aliona jibu hilo lina haki. Akakubali kutengenezewa. Walipoondoka nilimuuliza Taibisti kwa nini hakumkatiza, na foleni ilikuwa imefika nje. Akasema mtu akihesabu watu wake humkatizi. Huyu ni mama wa Kikamba kutoka Mwingi, mtu wa kanisa, na sijui nani alimfunza hilo.

Nilijifunza habari za kodi zaidi kwa kukaa kwenye benchi lile kuliko mahali pengine popote. Aliyenifungua macho hasa alikuwa dalali wa mifugo wa Habaswein. Dalali huyo alikuwa ameacha kusimama sokoni na jua lake, anapiga ngamia picha, anazituma kwa wanunuzi wa mbali, wakikubaliana anachukua ujira wake. Mtu alikuwa amemtisha kwamba serikali sasa inawaona wa mtandaoni. Alikuja na hasira.

"Mimi zaka nimetoa," akasema. "Kila mwaka. Hii kodi ni ya nini tena?"

Nilidhani Taibisti ataogopa kuingia kwenye mambo ya dini. Akauliza, "Zaka yako unaihesabia ngamia gani?"

"Wale wamekaa na mimi mwaka."

"Sawa. Zaka inahesabu kilichokaa. Kodi inahesabu kilichopita mkononi. Ndiyo maana moja haiwezi kulipa nyingine."

Dalali akaliwaza. Kisha akaanza kumtajia ngamia aliowauza kwa picha, na bei ya kila mmoja, nzima nzima. Taibisti hakuandika hata moja.

"Hao ngamia walikuwa wako?"

"Ni wangu," dalali akasema. Kwa desturi ya soko dalali husema wangu, maana ngamia akitoka mgonjwa atakayeulizwa ni yeye.

"Ulimnunua? Ulimlisha? Angekufa njiani, hasara ni ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Basi kilichopita mkononi mwako ni ujira wako peke yake. Ukitangaza bei ya ngamia mzima umejitia kitanzi kwa ulimi wako."

Nilimwona mtu mzima akipumua kama aliyetuliwa gunia. Alitaka kumbusu Taibisti mkono, akakumbuka si maharimu wake, akaishia kumwachia chupa ya maziwa ya ngamia. Taibisti hayanywi. Alinipa mimi.

Mambo yake mengine hayapatani, na nimeacha kujaribu kuyapatanisha. Anaandikisha biashara za mtandaoni kutwa, na simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe yenye tochi. Kisomali hujifanya hakijui, lakini wateja wakianza kusemezana wao kwa wao kwamba mama huyu anachelewesha, yeye huongeza kasi. Mwezi wa Ramadhani hali wala hanywi mbele ya mteja, huenda nyuma ya mikeka, na akirudi amejipangusa mdomo kama mtoto aliyeiba sukari. Na kuna ule msemo wake mkubwa, kwamba taipisti hasomi. Husema ameandika barua za siri za maafisa wanne na hajui ndani zilikuwa na nini, kwa sababu macho ya taipisti huona herufi, hayaoni habari. Halafu unamletea barua ya kuomba kazi aichapishe, anakwambia aya ya tatu umejisifu kupita kiasi.

Sasa niseme habari yangu, ambayo nimekuwa nikiizungukazunguka.

Nilipomaliza chuo nilikaa bila kazi, na nil zangu zilikuwa za haki. Kisha kazi ya masikio ikaanza kuja. Mwanzo sauti mbili tatu, halafu kila wiki. Juni ilipofika nilikwenda kibandani nikasema, "Mama, ile yangu ya kawaida," naye akajaza nil. Hakuuliza yale maswali yake matatu. Nilidhani ni kwa sababu mimi ni mtu wa siku zote. Mwaka wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Sikujiona mwongo. Wateja wangu wako nje ya nchi, pesa zinatoka nje, nami nilikuwa na hakika kabisa kwamba serikali ya hapa haina lake katika jambo hilo. Tena pesa zenyewe hazikukaa. Mama yangu mzazi alikuwa na ugonjwa wa figo, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kila nilichopata kilipitia kwangu kikaenda hospitali. Alifariki katika mwaka ule wa tatu, Allah amrehemu.

Mwaka wa nne ikaja ile kazi. Shirika moja la utafiti la Nairobi lilikuwa na mahojiano ya Wajir na Mandera, mamia ya sauti, kazi ya mwaka mzima yenye malipo ya kila mwezi. Walinisikia, wakanipenda, wakataka mambo mawili tu: cheti cha jina la biashara, na cheti cha mamlaka ya kodi kinachosema sidaiwi na nimetangaza sawasawa. Walinipa wiki mbili. Mdogo wangu wa kike alikuwa anasubiri kuingia chuo cha uuguzi, na mimi ndiye niliyebaki kumlipia. Sikuwa nimewahi kuitaka riziki yoyote kama nilivyoitaka ile.

Jina lilipita upesi. Taibisti aliniuliza maswali yake, nikajibu vizuri, tukaandika Sikio la Kaskazini. Fomu iliuliza biashara ilianza lini. Wale wa Nairobi walipenda mtu mzoefu, nikamwambia aandike miaka mitatu iliyopita. Mikono yake ilisimama kidogo juu ya kibodi, kisha akaandika. Cheti kikaja, nikakipiga picha nikamtumia mdogo wangu.

Siku mbili baadaye nilirudi kwa ajili ya cheti cha kodi. Ilikuwa Juni, benchi limejaa, malimu wa dugsi na mkewe wako mbele yangu. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Mama, nijazie nil, halafu uniombee kile cheti."

Aliitoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani.

"Siandiki," akasema.

"Kwani kuna nini?"

"Mwaka huu umefanya nini, umemfanyia nani, amekulipa kwa njia gani?"

Watu wote wakanitazama. Nikainama kwake nikasema, "Mama, si unanijua? Ni ile ya kawaida."

"Juzi umeniandikisha kwamba una biashara ya miaka mitatu. Leo unataka niandike kwamba hujawahi kupata shilingi. Karatasi moja inasema unalima, nyingine inasema huna shamba. Ipo siku zitakutana, na siku hiyo mimi sitakuwapo kukusemea."

"Pesa zinatoka ng'ambo," nikasema. "Hawa wa hapa zinawahusu nini?"

"Ukifanya kazi unakaa wapi?"

"Nyumbani."

"Kiti kiko nchi gani?"

Malimu akaona vibaya, akasema, "Taibisti, mwachie msichana. Riziki ni ya Allah."

"Riziki ni ya Allah, malimu. Fomu ni ya serikali."

Nikamwambia kwamba pesa zote zile zilikwenda hospitali, hakuna hata moja niliyoila. Akasema, "Najua." Kisha akasema pole. Halafu akaendelea, na hapa ndipo nilipomchukia: "Bando za intaneti zinaingia kwenye gharama za biashara. Stima inaingia. Kompyuta inaingia. Mama haingii."

Nilitoka bila kuaga. Nilikwenda moja kwa moja saiba nyingine, kibanda cha intaneti upande wa pili wa barabara, kwa bwana mmoja anayesifika kwa haraka. Akanambia nil ni dakika tano, akafungua ukurasa, akauliza nywila yangu. Sikuijua. Tangu siku ya kwanza nywila ilikuwa kichwani mwa Taibisti. Akasema tuibadilishe kwa barua pepe. Barua pepe nayo aliifungua Taibisti. Bwana yule alicheka mpaka akaegemea ukuta, akasema nusu ya mji huu wako hivyo hivyo, wamefungiwa ndani ya mama yule.

Ilinibidi nirudi. Taibisti aliponiona hakuuliza kitu. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika, akanipa mbele ya watu wote.

"Hiyo ndiyo nywila yako. Ni jina la mama yako na mwaka uliozaliwa. Nenda kajaziwe unakotaka."

Nilikaa mwisho wa benchi na karatasi ile mkononi mpaka watu wote wakaisha. Ningependa kusema kwamba uaminifu ulinishinda, lakini nakumbuka vizuri, ilikuwa hofu na uchovu, na jina la mama lililoandikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Nikamwambia, "Haya. Twende."

Ilituchukua siku nne. Tulirudi nyuma miaka mitatu, tukarekebisha moja moja. Alinifanya nichambue kila malipo, kila bando, kila risiti ya stima. Kodi yenyewe haikuwa kubwa, faini na riba ndizo zilizouma. Tukaomba kulipa kidogo kidogo, tukakubaliwa, lakini majibu yalichelewa, na cheti kilitoka wiki tatu baada ya siku ya mwisho. Kazi ilikuwa imeshapewa watu wengine. Niliwapigia simu wale wa Nairobi, wakaniambia kwa adabu sana kwamba labda mwaka ujao. Nililia, sitaficha. Mdogo wangu alikaa mwaka mzima nyumbani akiuza sambusa. Yeye hakunilaumu hata kidogo, na kutolaumiwa huko kulinichoma zaidi.

Kwa miezi mingi nilipita njia nyingine. Kisha nikaanza kurudi, kwanza kulipa sehemu za faini, baadaye bila sababu. Kilichonirudisha ni udadisi. Nilitaka kujua kwa nini mtu aliyeandika Bamba akijua ni Pamba, aliyeandika nil yangu mara tatu bila swali, ghafla siku ile akakataa. Nilimuuliza mara moja. Akajifanya mashine ya kuchapisha imekwama, akaikung'uta, akaita mteja anayefuata.

Mwaka huu baada ya mvua nilikwenda kuhuisha cheti changu. Kazi ninazo, ndogo ndogo lakini za kunitosha, na mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi. Ilikuwa saa saba, watu wako msikitini, benchi tupu. Nilimkuta anakunja nyaya na kuzitia ndani ya katoni. Macho yamemsumbua, kuna mtoto wa jicho pande zote mbili, watoto wake wamemwambia arudi Mwingi atibiwe na akae huko huko. Kompyuta moja ilikuwa imeshauzwa. Nilikwenda kumletea chai, ya kwake bila sukari, na muuza chai akaniuliza ni nani mgonjwa.

Alikunywa kidogo, akaweka kikombe chini, akapapasa mpaka akahakikisha kimekaa.

"Zile nil zako tatu," akasema, "nilizijaza nikijua."

Sikumwelewa. "Ukijua nini, Mama?"

"Kwamba unafanya kazi. Ankara zako za kudai malipo ulizichapisha wapi? Si hapa? Nilikuwa nazitoa kwenye mashine, nazikunja, nakupa. Nilizisoma zote. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu."

"Mbona hukusema?"

"Mama yako alikuwa anasafishwa damu. Nikajiuliza, huyu nitamwuliza vipi yale maswali mbele ya watu? Nikanyamaza, nikaandika. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshanyamaza. Ukishanyamaza mara moja, ya pili haina kazi."

"Halafu ukanigeuka mwaka wa nne, mbele ya benchi zima."

"Niliogopa. Uliposema niandike miaka mitatu kwenye ile ya jina, nikaona vizuri ni nani aliyekuchimbia hilo shimo. Nilikuwa mimi. Ningekuambia mapema, ungelipa kidogo mwaka ule wa kwanza ikaisha, na ile kazi ya Nairobi ungeipata."

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio, haya masikio yanayonipa ugali, yakawa yanavuma. Nilimfikiria mdogo wangu na karai lake la mafuta ya moto. Na hapo hapo nilimwonea huruma kiasi cha kutaka kumshika mkono, mama mtu mzima anayepapasa kikombe. Sikujua nianze na lipi, nikaanza na lililokuwa jepesi kusema.

"Basi ile faini ilikuwa yetu wawili," nikamwambia.

"Yetu wawili," akasema. "Siku zile nne tulizokaa hapa nilitafuta mahali pa kujiandika. Nilikagua fomu yote, juu mpaka chini, wewe ukidhani nahakiki hesabu. Ina nafasi ya jina moja."